Kibao cha India

Kwa miaka kadhaa ya tisini nilikuwa India. Simaanishi kwamba niliishi India. Huko sijakanyaga mpaka leo. Nilikuwa India yenyewe, kila Alhamisi mchana, mjini Brussels, kwenye meza ndefu ya taasisi moja ndogo ya utafiti karibu na majengo ya Umoja wa Ulaya. Mbele yangu kiliwekwa kibao cha plastiki chenye jina la nchi hiyo kwa Kifaransa, na nyuma ya kibao nilikaa mimi, binti wa muuza taa na vitenge wa Bujumbura, nikiwaeleza watu dunia inavyoonekana kutoka Delhi.

Utaratibu ule aliuanzisha mkurugenzi. Alikuwa Mbelgiji mpole, anazungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na aliamini kwamba watu wakikaa mezani kwa majina yao watagombana, ila wakikaa kwa majina ya nchi wataelewana. Basi akatuvua majina. Kila mtu alipewa nchi yake, na sheria zilikuwa mbili tu. Usisemee nchi ya mwenzio. Na usiseme "mimi". Ukitaka kusema, unasema "India inaona", "Urusi inahofia", "Brazili ingependelea". Mtu akijisahau akasema "mimi naona", mkurugenzi alinyoosha mkono akamgongea kibao chake kwa kalamu, tik, tik, huku akitabasamu, na yule mtu alicheka kidogo akarudi kuwa nchi.

Baada ya mazungumzo iliandikwa ripoti fupi. Ripoti ilipelekwa kwa maofisa wa yale majengo ya vioo, wanaoamua nani asaidiwe na nani abanwe, na walikuwa wakiisoma kweli, maana mara nyingine nilisikia maneno yetu yakirudi redioni kutoka vinywani mwao. Kila ripoti ilifunguliwa kwa methali ya nchi inayohusika. Mkurugenzi alizipenda methali kama mama yangu alivyopenda achari: bila hiyo chakula hakishuki.

Jinsi nilivyoipata India ni hivi. Nilimaliza chuo kikuu hapohapo Brussels, na tasnifu yangu ilihusu bei ya kahawa ya Burundi na jinsi mkulima anavyonyonywa tangu shambani hadi ghalani. Niliipeleka kwenye usaili, imejalidiwa vizuri, imenikondesha. Mkurugenzi akapapasa jalada, akanitazama uso, akazitazama nywele zangu, akalisoma jina langu taratibu, kisha akaniambia kwamba walikuwa wanamtafuta Mhindi kwa muda mrefu.

Nikamweleza kwamba nimezaliwa Bujumbura. Baba yangu pia kazaliwa Bujumbura. Babu ndiye aliyetoka Kachi, magharibi ya India, akiwa kijana asiye na ndevu, na hakurudi. Kihindi sikijui. Nyumbani tunasema Kikachi na Kiswahili, shuleni nilisoma kwa Kifaransa.

"Naam, naam," akasema. "Ni utajiri mkubwa."

Wiki iliyofuata nikakikuta kibao mezani.

Kiti cha Burundi kilikuwa na mwenyewe. Alikikalia mzee mmoja Mbelgiji, zamani mshauri wa mambo ya kahawa, aliyekaa kwetu miaka michache akarudi na vinyago na malaria. Sitamsingizia: aliipenda Burundi. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, leta, weka, ngoja, funga mlango, na kila ilipofika zamu yake alitoa tembo wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia. Miaka yote ile tembo hawakuchoka. Mimi niliyeandika juu ya kahawa ya Burundi nilikaa upande wa pili wa meza nikieleza siasa za Kashmir.

Na nilieleza vizuri, wacha nijisifu. Nilijifunza India kama mtu anavyojifunza ukoo wa mume. Nilisoma magazeti ya Delhi na Bombay yaliyofika maktaba yakiwa yamechakaa, nikasoma hotuba za mawaziri, nikazijua hofu zao na kiburi chao. Waliponiuliza kwa nini India haikujiunga na kambi yoyote wakati wa vita baridi, niliwaeleza kwa duka la baba. Mwenye duka sokoni hagombani na mteja wa kushoto wala wa kulia, niliwaambia, lakini anahakikisha ghala lake lina mali yake mwenyewe, ili siku barabara ikifungwa asiombe. Walipenda sana. Hawakujua kwamba lile duka lipo kweli, na mwenyewe yupo nyuma ya kaunta akipangusa vioo vya taa.

Siku nyingine waliuliza kwa nini India inaruhusu viwanda vyake vitengeneze dawa ambazo makampuni ya Ulaya yanaziita mali yao. Nikawaeleza kwamba sheria ya India hailindi dawa yenyewe, inalinda njia ya kuitengeneza. Ukipata njia nyingine, tengeneza, na ndiyo maana kidonge kinachomtoa jasho mgonjwa wa huku, kule mchukuzi anaweza kukinunua. Aliyekuwa Uingereza akasema huo ni wizi uliovaa miwani. Nikamjibu kwa hasira iliyomshangaza kila mtu. Baba yangu ana ugonjwa wa sukari. Vidonge vyake vilitoka Bombay, na baadaye, vidonge viliposhindwa, vichupa vyake vya insulini navyo vilitoka Bombay, kwa ndege ya Nairobi, na mimi tangu nikiwa msichana nilizijua lebo zake kuliko nilivyozijua sura za binamu zangu. Lakini hilo sikulisema. Nilisema, "India haikubali neno hilo."

Baba alilicheka jambo hili la kibao mpaka akakohoa. Nilikuwa nampigia kutoka Matonge, mtaa wa Waafrika hapo Brussels, kwenye vibanda vya simu vya mama mmoja wa Lubumbashi aliyeuza pia nywele za bandia na mafuta ya mawese. Mimi nilikaa Saint-Gilles, chumba kimoja cha nyumba kuukuu, na simu yangu ya nyumbani nilishaikata kwa sababu ya bili za Bujumbura hiyohiyo.

"Alo, India?" baba alikuwa akisema akishapokea. "Hapa Buja. Bon, wiki hii wamekulipa useme nini?"

"Nimesema kuhusu mpaka wa China, Papa."

"Na China wamesikia?"

"China alikuwa na mafua, hakuja."

Alicheka tena. Kisha akasema, nusu mzaha: "Donc wewe unakula kwa kusema. Mie nimekula kwa kunyamaza, miaka yote hii."

Ilikuwa kweli. Dukani kwa baba kulikuwa na sheria moja, nayo haikuandikwa popote: hapa hakuna siasa. Aliwauzia Wahutu, aliwauzia Watutsi, aliwauzia wa kutoka Zaire wanaovuka na mabegi yao, na mteja akianza, "Unaonaje, bwana, mambo haya?" baba alishusha kitenge kingine akamwuliza rangi. Watu walipouawa alifunga duka. Walipoacha alifungua. Walimwita mwoga, wengine mbele yake. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni, kichwa kimejaa vitabu, nilimwona hana msimamo. Baadaye nikawa nalipwa kueleza kwamba taifa kubwa likifanya jambo hilohilo, jambo hilo lina jina zuri na wanafunzi wanalifanyia mtihani.

Mama wa Lubumbashi aliyasikia mazungumzo yetu, maana mbao za vibanda vyake zilikuwa nyembamba.

"Alors bazungu banakulipa kwa kusemea inchi yenye haujafikaka?" aliniuliza siku moja, akichana nywele za bandia kwenye goti lake. "Mungu wangu. Na mie minataka iyo kazi. Banipatie Japon."

Mwezi wa saba mwaka tisini na sita wanajeshi walichukua serikali Bujumbura. Majirani wakakasirika, wakakutana, wakatoa kauli moja: mpaka utawala wa kiraia urudi, hakuna mafuta, hakuna biashara, hakuna ndege. Wala siwatetei wale wanajeshi. Mikono yao yenye damu niliijua. Kama baba yangu angekuwa mzima wa afya, pengine ningeviandikia vikwazo vile ukurasa wa kuvisifu, kwa sababu kwenye karatasi vilikuwa na akili: mbane mkubwa, ataachia.

Lakini mkubwa habanwi kwanza. Anayebanwa kwanza ni yule mwenye friji ndogo yenye vichupa mlangoni. Ndege ya Nairobi ilisimama. Umeme ukawa wa kubahatisha. Mafuta ya jenereta yakawa kitu cha kunong'onezana. Baadaye zikaja habari kwamba dawa zenyewe hazikukatazwa, na maofisa wa Brussels walilirudia jambo hilo kwa faraja kubwa: dawa zinaruhusiwa. Dawa haina mabawa. Aliyeiruhusu dawa akaizuia ndege ni kama aliyekupa chakula akakufunga mdomo.

Baba alianza kupunguza dozi. Hakuniambia; nilijua kwa sauti yake. Alikuwa anasahau aliyoyasema sasa hivi, na mara mbili aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa.

Nilifanya alichofanya kila mtu wa kwetu wakati ule. Niliandikiwa dawa na daktari wa hospitali ya chuo kikuu kule Woluwe, mwanamke mwenye huruma asiyeuliza mengi, nikanunua, nikatia vichupa kwenye chupa ya chai pamoja na barafu, nikatafuta msafiri wa Kigali. Rwanda nayo ilifunga mpaka, lakini mtu mwenye begi dogo na maneno mazuri aliweza kupita. Chupa ya kwanza ilifika, imepata joto njiani. Baba alijidunga hivyohivyo, akasema inafanya kazi kidogo. Chupa ya pili iliishia Kigali, barabara haikupitika, na msafiri akaniletea salamu tu. Nilijua siwezi kumlisha mtu uhai kwa chupa za chai. Alihitaji ndege.

Na hapo ndipo taasisi ilipotangaza kwamba Alhamisi moja ya vuli tutazungumzia vikwazo vya Burundi. Maofisa wa majengo ya vioo walitaka ushauri: Ulaya iwaunge mkono majirani au isiwaunge, na ikiwaunga, iwaombe nini. Nikajua papo hapo ninachokitaka. Nilitaka sentensi moja ndani ya ripoti ile: ndege ya dawa iruhusiwe kutua Bujumbura. Basi. Wengine wachukue kurasa zote zilizobaki, waweke tembo wao humo na malisho yao. Sentensi moja, isomwe na mtu mmoja mwenye simu.

Nilimwendea mkurugenzi ofisini kwake nikamwomba Alhamisi hiyo moja nikae Burundi.

Alinikaribisha kahawa. Akaniambia kwamba anaelewa, kweli anaelewa, ila mimi niko karibu mno na jambo hili, na aliye karibu haoni vizuri.

"Ndiyo maana pale mmemweka mtu aliyeondoka zamani?" nikamwuliza.

"Hasa," akasema. Wala hakuwa na kejeli. Alifurahi kwamba nimeelewa.

Jioni ile nikaenda Matonge. Simu ilichukua muda kushika. Baba alipopokea hakuniita India, nikajua hali si nzuri. Nikamweleza kwamba Alhamisi wakubwa wangu wanazungumza juu ya vikwazo, na kwamba mimi nitakuwa India kama kawaida, lakini nitatafuta upenyo.

"Niseme nini, Papa?"

"Mie? Mie dukani sisemi siasa."

"Hapa si dukani."

Nilimsikia akipumua kwa mdomo. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni, sentensi ambayo sikupata kumsikia akisema mfano wake maisha yake yote:

"Waambie mugonjwa hana serikali."

Halafu akaona haya, akaniuliza kama Brussels kuna baridi.

Alhamisi ilipofika nilikuwa nimejiandaa kama siku ya harusi. Niliianza India tangu mbali. Nilieleza kwamba nchi ile iliwahi kulaza watu njaa kwa kusubiri meli za ngano za taifa tajiri lililokasirishwa na msimamo wake, na tangu hapo imejifunza kwamba anayeshika chakula chako ameshika ulimi wako. Nilieleza kwa nini Delhi husita kila inaposikia neno vikwazo. Aliyekuwa Uingereza, ambaye hakuwa mjinga, akanikata.

"India ndiyo iliyotangulia kuiwekea Afrika Kusini vikwazo," akasema. "Kabla yetu sote. Mbona wakati ule haikusita?"

"Kwa sababu waliokuwa wanaumia kule waliviomba wenyewe," nikajibu. "India inauliza, huku nani amewauliza wanaoumia?"

Uingereza akarudi kwenye karatasi zake. Nikaona ndio upenyo. Nikasema kwamba India haipingi kuwabana wanajeshi. Wabanwe, hesabu zao za benki zizuiwe, watoto wao wanyimwe shule za Ulaya. Lakini ndege ya dawa itue. Kwa sababu India inaona kwamba mgonjwa hana serikali.

Nilipolisema lile neno la baba, kwa Kifaransa, nikiwa nimeshika ukingo wa meza, mkurugenzi alinyanyua macho. Akachukua kalamu, safari hii si ya kugongea kibao, akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika, akalipigia mstari chini. Nikasema ndani yangu: imeingia.

Burundi akapewa nafasi ya kujibu. Akasafisha koo. "Burundi inaelewa," akasema, "kwamba shinikizo lina gharama zake." Kisha akawafungulia tembo.

Nilitoka pale nimechangamka kama mtu aliyeshinda kesi. Nilipita Matonge nikamnunulia mama wa Lubumbashi soda, nikamwambia wameandika. Akauliza nani ameandika, nikamwambia bosi mwenyewe, kwa mkono wake. Akapiga vigelegele vifupi katikati ya wateja wake waliosukwa nywele nusu.

Ripoti ilitoka baada ya wiki chache. Niliipokea kwenye kisanduku changu cha ofisini, nikaisomea nimesimama. Neno la baba lilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, katikati, kwa herufi za mlazo, peke yake kama bibi harusi. "Mgonjwa hana serikali." Na chini yake: "Methali ya Kihindi."

Nikafungua kurasa za ndani. Palisemwa kwamba India, kulingana na desturi yake ya muda mrefu, haipendi vikwazo, na kwamba msimamo huo ulitarajiwa. Palisemwa kwamba Burundi inatambua gharama za shinikizo. Palipofika mapendekezo, taasisi ilishauri Ulaya iwaunge mkono majirani bila kuwavuruga kwa masharti ya pembeni. Ndege haikuwemo. Nilirudia kusoma tangu mwanzo, nikidhani nimeruka ukurasa.

Mkurugenzi alinikuta kwenye korido. "Umefurahi?" akaniuliza. "Tumekuweka mbele kabisa. Wale jamaa wa juu wameisifu sana methali yenu."

Wangapi mezani pale wangesikia kama ningesema, baba yangu anakufa? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu ni lilelile: wangesikitika sana, wangenipa maji ya kunywa, na kalamu ingegonga kibao. Ndiyo maana sijilaumu. Nilipita mlango waliouacha wazi, nao wakanivua mzigo wangu mlangoni, wakautundika ukutani kama pambo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tunasema kwetu. Hapa mwenye shibe alimjua, alimsikiliza vizuri, akampigia mstari chini, na hakumpa kitu.

Mguu wa baba ulipata kidonda mwezi wa kumi na mbili. Februari alipelekwa hospitali, na kule dawa aliyoihitaji hawakuwa nayo pia. Habari za kifo chake nilizipata Matonge, kutoka kwa kaka yangu, laini mbovu, maneno yakija vipande vipande. Walikwisha kumzika alasiri ileile, kama dini yetu inavyotaka. Hata kama ningekuwa na mabawa nisingewahi, na mabawa ndiyo yaliyokuwa yamekatazwa.

Nilitoka kwenye kibanda, sijui nilikuwa na sura gani. Mama wa Lubumbashi aliweka chini kitana chake, akamwinua mteja kwenye kiti, akanikalisha mimi.

"Kaa apa, maman," akasema. "Lia. Apa muntu hatakuuliza kitu."

Nikalia mbele ya kioo, kati ya vichwa vya plastiki vyenye nywele. Nadhani ni mahali pekee Brussels nilipopata kulia kwa jina langu.

Machipuko yale majirani walilegeza vikwazo, dawa na vyakula vikaanza kuingia bila shida. Taasisi ikaandika ripoti nyingine, ikieleza kwa nini hatua hiyo ni ya busara.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuondoka. Kwa sababu kibali changu cha kukaa Ubelgiji kilikuwa kimeshikwa na kibao kile. Bila India mimi nilikuwa mgeni asiye na nchi ya kurudishwa, maana Bujumbura duka lilikuwa limefungwa na kaka yangu alikuwa njiani kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo kila Alhamisi niliendelea kuiona dunia kutoka Delhi. India iliona, India ilihofia, India ilipendelea. Nilikuwa nasema, na nikirudi nyumbani nalala na nguo.

Kisha mwaka tisini na nane India ikalipua mabomu yake ya nyuklia jangwani, na mataifa tajiri yakaiwekea vikwazo. Taasisi haikuwahi kujaa vile. Viti viliongezwa kutoka vyumba vya jirani. Alikuwepo hata mgeni kutoka Delhi kwenyewe, profesa mstaafu aliyekuwa anapita Ulaya, mzee mtanashati mwenye shali begani. Hakupewa kibao, nchi yake ilikuwa na mtu. Walimkalisha pembeni yangu, akanisemesha kwa Kihindi, nikamwomba radhi kwa Kifaransa. Akanitazama kwa namna ambayo nilishaizoea pande zote mbili za bahari.

Mkurugenzi akafungua mkutano. Alikuwa amezeeka kidogo, upole wake uko palepale. Akasema kwamba leo India, iliyotufundisha mengi juu ya vikwazo, imewekewa vikwazo yenyewe. Na kabla hajanipa nafasi angependa tukumbuke ile hekima ya kale ya Kihindi ambayo iliwahi kuipamba ripoti yetu. Akaisoma. Aliisoma vizuri sana, akapumzika baada yake ili itushukie.

Kisha akanigeukia. "Tueleze India inajisikiaje," akasema. "Kama ulivyotueleza ile siku. Ulitugusa kweli."

Yule profesa alikuwa amekunja uso. Akaniinamia, kwa heshima kabisa, akauliza kwa sauti ambayo meza nzima iliisikia: "Samahani, binti. Methali hii mimi sijapata kuisikia. Ni ya jimbo gani?"

"Si ya jimbo lolote," nikasema. "Ni ya baba yangu."

Nikaona kalamu inanyanyuka. Sikunyamaza.

"Baba yangu alikuwa na duka la taa na vitenge Bujumbura, nyuma ya soko. Hakuwahi kusema siasa, ila siku hiyo moja, kwenye simu, kwa sababu mimi nilimwomba. Amekufa kwa kukosa dawa inayotengenezwa Bombay. India haina shida na vikwazo vyenu, bwana. India ina viwanda vya dawa. Mimi ndiye niliyekuwa na shida. Mimi nilitaka ndege."

Burundi alikuwa anaangalia mikono yake. Mkurugenzi alikuwa amenyoosha mkono juu ya meza, na nadhani hata hakujua anachofanya, ni mazoea tu ya miaka. Uso wake ulikuwa bado unatabasamu nusu. Kalamu ikagonga kibao changu. Tik, tik.

"India inasikitika," nikasema, nikainuka kutafuta koti langu.